Je, Dawa ya Kumtuliza Mtoto Huleta Kifafa?

Mama mmoja aliitandaza karatasi ya maelezo ya dawa juu ya kioo cha kaunta, akailainisha kwa kiganja mara mbili, kisha akaweka kidole kwenye mstari aliokuwa ameuzungushia kalamu nyekundu. "Daktari, hebu soma hapa." Mimi si daktari, ni mtu wa dawa tu, lakini hapa Kondele, Kisumu, kila anayesimama nyuma ya kaunta ya kemisti huitwa daktari na nilishaacha kubishana. Mstari ulisema dawa ile ya ADHD itumiwe kwa uangalifu kwa mtu aliyewahi kupata kifafa, na iachwe endapo atatukutika. Mwanawe wa miaka minane alikuwa anapanda mzani wetu wa kupimia uzito, anashuka, anapanda tena, na kila akipanda anaisoma namba kwa sauti kana kwamba safari hii itakuwa nyingine.

"Nataka unijibu kitu kimoja," mama akasema. "Italeta kifafa au haitaleta?"

Kwa watoto wengi jibu ni jepesi: haitaleta. Kwa mtoto huyu sikuthubutu kulitoa. Kuna mambo ambayo hayakuwa kwenye ile karatasi wala kwenye cheti cha dawa alichokuwa amekikunja mkononi, na bila hayo jibu langu lingekuwa la kubahatisha.

Tuanze na hizo herufi nne, ADHD, ambazo walimu wetu siku hizi wanazitaja kama wanavyotaja malaria. Ni hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia, kukaza fikira au kujizuia, kupita kiasi cha watoto wa rika lake. Utundu wa wiki moja haumo. Daktari anatafuta dalili zilizodumu miezi sita au zaidi, zilizoanza kabla mtoto hajafika miaka 12, na zinazoonekana zaidi ya mahali pamoja, yaani nyumbani pia, wala si kwa mwalimu mmoja tu mwenye darasa la watoto themanini. (Katika darasa la watoto themanini hata mimi ningepanda dawati.)

Dawa inayoandikwa sana ni methilifenideti, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ritalin. Si dawa mpya. Leandro Panizzon, mkemia wa kampuni ya Ciba ya Uswisi, aliitengeneza mwaka 1944, na jina la biashara linatokana na mkewe, Marguerite, ambaye nyumbani aliitwa Rita. Marekani iliiidhinisha mwaka 1955. Ni dawa ya kuchangamsha, na hapo ndipo wazazi hushika kichwa: mtoto asiyetulia unamchangamsha ili iweje? Mimi huwaeleza hivi. Fikiria karakana ya jua kali ambamo nyapara amesinzia. Vibarua wanakimbizana, huyu anagonga bati, yule anarusha misumari, kazi haiendi. Ukimwamsha nyapara, kelele zinapungua. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo nyapara, na dawa hii inamwamsha kwa kuzuia kemikali mbili za ubongo, dopamini na noradrenalini, zisirudishwe ghalani mapema mno.

Sasa kifafa. Seli za ubongo huzungumza kwa umeme, na kwa kawaida kila kundi linasema kwa zamu yake. Yakitokea makundi mengi yakapayuka kwa pamoja, mtoto anatukutika, au anazima kidogo huku macho yamebaki wazi. Ubongo wa kila mtu unaweza kufanya hivyo ukisukumwa vya kutosha. Wanachotofautiana watu ni urefu wa kizingiti. Wenyeji wa nyanda za Kano wananielewa upesi nikisema kizingiti, kwa sababu wanajua mto Nyando unavyofanya mvua za masika zikikolea. Nyumba zote zinapata maji ya mafuriko uani. Yenye tuta refu mlangoni inabaki kavu ndani, yenye tuta fupi inaamka vyombo vinaelea. Homa huinua maji. Kukosa usingizi hufukua tuta. Sukari kushuka, pombe kwa wakubwa, kuacha ghafla dawa za kifafa, vyote hivyo hufukua tuta. Na kile kilichoandikwa kwenye karatasi ya yule mama ni kwamba methilifenideti nayo inaweza kulifukua, hasa kwa mtu ambaye tuta lake tangu hapo ni fupi.

"Inaweza" ndilo neno la kuliangalia. Onyo hilo lipo kwenye boksi miaka mingi, na maonyo ya namna hiyo huandikwa kwa tahadhari: mgonjwa fulani alianguka akiwa anatumia dawa, daktari akaripoti, kampuni ikaweka mstari. Ripoti haisemi kwamba dawa ndiyo iliyomwangusha. Tena watoto wenye ADHD huanguka kifafa mara nyingi kuliko watoto wengine hata kama hawajawahi kuiona tembe. Mtu akikutwa mlangoni nyumba inaungua, wa kwanza kushikwa ni yeye.

Ili kumtoa mashakani au kumfunga mshukiwa huyu, yaani dawa, watafiti walibuni njia ninayoipenda: kumlinganisha mtoto na yeye mwenyewe. Badala ya kumweka mtoto anayemeza dawa kando ya yule asiyemeza, ambao hutofautiana kwa mambo mia moja, wanatazama miezi ambayo mtoto yule yule alikuwa na dawa na miezi ambayo hakuwa nayo, kisha wanahesabu aliangukia upande gani. Marekani walifanya hivyo kwa rekodi za wagonjwa zaidi ya laki nane wa ADHD, matokeo yakatoka mwaka 2018. Miezi yenye dawa ilikuwa na matukio machache zaidi ya kifafa, si mengi. Hata kwa wale waliokuwa wamewahi kuanguka. Uswidi nako, kwa watu wenye ADHD na kifafa kwa pamoja, vipindi vya dawa havikuonyesha ongezeko.

Ukiishia hapo utasema kesi imefungwa. Lakini mwaka 2020 watafiti waliochunguza rekodi za Hong Kong walichapisha kitu ambacho mimi kama muuza dawa siwezi kukiruka. Kati ya watu 29,604 wa miaka 6 hadi 25 waliokuwa wakitumia methilifenideti, 269 walipata kifafa wakati fulani katika miaka yote waliyofuatiliwa, wakiwa na dawa au bila dawa. Hao ni chini ya mmoja katika kila mia. Walipopanga matukio hayo kwa tarehe, siku 30 za kwanza baada ya kuanza dawa zilijitokeza: kwa wale ambao hawakuwa na historia ya kifafa, hatari katika mwezi huo ilikuwa kama mara nne ya kawaida yao. Baada ya mwezi huo ilirudi chini. Mara nne ya kitu kidogo sana bado ni kitu kidogo, nakubali. Ila mwezi wa kwanza si wa kumpeleka mtoto kwa shangazi Busia na kurudi baada ya likizo.

Wataalamu wa watoto katika shirika la kimataifa la kupambana na kifafa, baada ya kupitia ushahidi uliokuwepo, walisema mwaka 2018 kwamba methilifenideti inaweza kutumiwa hata na watoto wenye kifafa. Walikwenda mbali zaidi: kila mtoto mwenye kifafa, akifika miaka sita, achunguzwe pia kama ana ADHD. Sharti linalotajwa na madaktari wengi ni moja, nalo ni la busara tu: kifafa kidhibitiwe kwanza, kisha hiyo nyingine ishughulikiwe.

Kwa hiyo ningeweza kumwambia mama akunje karatasi yake, alipe, aende. Kilichonizuia ni kwamba watoto wa Hong Kong na wa Uswidi hawakukulia Ahero, penye malaria, kama huyu.

Nilimuuliza kama mtoto amewahi kushikwa na degedege. Akasema hapana, mara moja, bila kufikiri. Halafu akatua. "Labda nimuulize dani." Kumbe mtoto alilelewa na huyo dani, yaani bibi yake, hadi miaka minne, wakati mama anafanya kazi Nairobi. Kliniki alikokwenda kupata cheti alipelekwa na baba, ambaye alijua hata kidogo kuliko mama. Daktari aliuliza swali sahihi, akajibiwa na mtu asiyejua.

Tukampigia dani, simu ikawekwa sauti ya nje juu ya kaunta. Tulisikia kuku, kisha redio, kisha yeye. Ndiyo, alisema, kwa Kijaluo kilichochanganyika na Kiswahili cha heshima kwa ajili yangu. Alipokuwa na miaka miwili, mwezi ule wa mafuriko. Alitukutika mara tatu usiku mmoja. Wakampakia kwenye boda hadi hospitali, akalala siku mbili bila kuamka, akachomwa sindano, na alipoamka akajifunza upya kutembea. "Lakini alipona," dani akamalizia, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango.

Mama alikuwa anaitazama simu. Hakuwahi kuambiwa kuhusu zile siku mbili.

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani amepoa, na malaria ya ubongo, ambayo hadithi ya dani ilifanana nayo, ni kovu la aina hiyo. Vimelea vinaziba mishipa midogo ya damu kichwani, ubongo unavimba, na mtoto anayenusurika huenda akaonekana mzima miezi, hata miaka, kabla ya kovu kujitokeza. Kule Blantyre, Malawi, watafiti waliwafuatilia watoto 132 walionusurika. 12 kati yao walipata kifafa baadaye. Katika watoto 264 waliolinganishwa nao, ambao hawakuugua malaria hiyo, hakuna hata mmoja. Kampala, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, karibu mtoto mmoja kati ya wanne alibaki na upungufu katika kazi za akili miaka miwili baada ya kuugua, na kilichoathirika zaidi kilikuwa ule uwezo wa kukaza fikira.

Lisome hilo polepole. Homa ile ile inaweza kumwachia mtoto kifafa, na inaweza kumwachia hali ambayo mwalimu ataiita ADHD. Mzizi mmoja, matawi mawili. Akianza tembe mwezi wa tatu na akaanguka mwezi wa nne, ukoo mzima utailaumu tembe, na huenda kitu kilichomwangusha kiliingia kwa mbu miaka sita nyuma. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa nchini 13 Septemba 2019, huko Homa Bay. Kwa watoto waliokuwa wamekwisha kuvuka umri wa kuanzishiwa, ilikuwa imechelewa.

Hapa neno letu wenyewe linatuponza. Degedege. Pwani walilihusisha na dege, ndege mkubwa au pepo anayepita juu ya mtoto. Huku kwetu limekuwa neno la mtoto yeyote anayetukutika. Ndani yake kuna vitu vitatu tofauti. Kuna degedege la homa tupu: mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, joto limepanda, anatukutika dakika chache mara moja, anaamka, mambo yameisha. Hilo linatisha kuliko madhara yake, na wengi wa watoto hao hawapati kifafa kamwe. Kuna lile la malaria ya ubongo, au la homa ya uti wa mgongo, ambalo ni la kukimbiza hospitali usiku huo huo. Na kuna kifafa chenyewe, ambacho hakihitaji homa.

Niliwahi kukosea hapo. Miaka yangu ya mwanzo, katika kemisti nyingine, baba mmoja alinijia akasema mtoto wake wa miaka tisa ameshikwa na degedege asubuhi. Nikampa parasetamoli. Sikuuliza kama mtoto alikuwa na joto. Hakuwa nalo, na nilikuja kujua baadaye alipoanguka tena karibu na jiko. Mtoto wa miaka tisa anayetukutika bila homa hana cha kufanya na degedege la utotoni, na hata kwa wadogo parasetamoli hupoza mwili tu, haizuii mtukutiko. Tangu siku hiyo swali la joto ndilo huwa la kwanza kinywani mwangu, hata mtu akija kununua pamba.

Kuna kifafa kingine ambacho hakina kelele, nacho ndicho kinachowachanganya walimu. Mtoto anakunywa uji, kikombe kinasimama katikati ya meza na mdomo, macho yanaganda, kope zinapepesa kidogo. Sekunde kumi. Kisha kikombe kinaendelea na safari yake na mtoto hajui kama kuna kitu kimetokea. Inaweza kurudi mara kadhaa kwa siku. Darasani anakosa nusu ya sentensi ya mwalimu, kisha nusu ya hesabu, na ripoti inasema: haoni ubaoni, anaota mchana, hasikilizi. Ukimpa mtoto huyo dawa ya ADHD hujamtibu chochote, na ukimchapa hujamtibu vilevile. Tofauti unaiona ukimgusa. Anayeota mchana ukimgusa bega anarudi. Huyu harudi mpaka sekunde zake ziishe. Daktari ana ujanja mmoja mwepesi: anamwambia mtoto apulize kipande cha karatasi mfululizo, pumzi nene, kama dakika tatu, na mara nyingi tukio linajileta lenyewe pale pale chumbani. Wewe nyumbani usijaribu. Chukua simu tu umrekodi siku atakapoganda. Video ya sekunde ishirini imesaidia wagonjwa wangu kuliko barua ndefu yoyote ya rufaa.

Kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, kina kazi yake pia, lakini watu wamekigeuza mahakama. Kikitoka safi hakimtoi mtoto kwenye kifafa, maana kinapima nusu saa hivi ya maisha yake tu. Na mtoto mwenye ADHD ambaye hajawahi kuanguka wala kuganda hana haja ya kukifanya ndipo aanzishiwe dawa. Anayekihitaji ni mtoto mwenye historia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningetaka kila mzazi wa magharibi mwa Kenya alijue, na ambalo nashangaa halitajwi kanisani wala sokoni. Dawa ya kifafa iliyo rahisi zaidi kupatikana katika zahanati zetu ni fenobabitoni, tembe ndogo, bei yake ya chini kuliko soda. Imetumika tangu mwaka 1912 na imeokoa wengi, siibezi. Lakini kwa watoto ina tabia ya kinyume: mkubwa inamsinzisha, mtoto wakati mwingine inamrusha. Anakuwa mkali, hatulii, halali, haandiki. Umeona tulipofika? Mtoto anaanguka, anapewa fenobabitoni, anaanza kuruka madawati, mwalimu anasema ADHD, mzazi anatumwa kutafuta dawa ya kutuliza, kisha anaogopa kwamba dawa hiyo ya pili italeta kifafa. Duara kamili, na mlango wa kutokea uko pale mwanzo: muulize daktari kama dawa ya kwanza inaweza kubadilishwa. Kubadilishwa na yeye, taratibu. Mzazi anayeificha juu ya kabati kwa sababu "dawa mbili zinagombana" anafanya jambo la hatari kuliko yote niliyoyataja katika makala haya, maana fenobabitoni ikikatwa ghafla mtoto anaweza kutukutika mfululizo bila kuzinduka.

Kugombana kupo kidogo, tusiseme hakupo. Methilifenideti inaweza kuchelewesha fenobabitoni na fenitoini, dawa nyingine ya kifafa, kutoka mwilini, zikarundikana, mtoto akalewalewa. Kabamazepini, nayo ya kifafa, hufanya kinyume, inaiondoa methilifenideti haraka, na mzazi anasema dawa haifanyi kazi. Yote hayo yanarekebishwa kwa kipimo, ili mradi anayeandika dawa ya pili anaijua ya kwanza. Njoo na chupa zote kwenye mfuko mmoja. Usije na rangi. "Ile nyeupe ya mviringo" ni nusu ya dawa zote nilizo nazo dukani.

Na sasa kinyongo changu kidogo. Methilifenideti inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971. Bila cheti siitoi, na nikiitoa naiandika kwenye kitabu. Maombi ya kuiingiza katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani yalikataliwa mwaka 2019 na tena mwaka 2021. Ni adimu, ni ghali, mara nyingi naiagiza Nairobi. Ikikosekana, watu hutafuta cha kumtuliza mtoto mahali pengine. Klopromazini, dawa ya magonjwa ya akili, iliyobaki ya mjomba. Amitriptilini ya bibi ya maumivu ya mgongo. Hizo mbili sifa yao ya kushusha kizingiti cha kifafa haina mjadala kama ilivyo kwa Ritalin. Piriton, hiyo ndiyo balaa tamu. Kijiko kimoja mtoto alale ili mama apumzike, na hakuna anayesoma karatasi yake kwa kalamu nyekundu. Dawa za mafua za aina hiyo zinazosinzisha zimehusishwa na mitukutiko kwa watoto wadogo, na mimi nauziwa hadithi kila siku kwamba mtoto ana mafua ya usiku tu.

Tuliongea na daktari wa kliniki kwa simu ya mama. Hakukasirika, alishukuru, akasema dawa isianze. Akamwandikia rufaa ya Russia, yaani Jaramogi, hospitali ile kubwa iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti ambayo jina lake rasmi hakuna mwenye boda anayelitumia. Mama akaondoka bila dawa na bila jibu, ananung'unika kidogo kwa nauli.

Huko walimwona mtoto mara mbili. Hakuwa ameganda wala kuanguka tangu zile siku za mafuriko. Walipima, wakaongea na mwalimu, wakaongea na dani, ambaye safari hii alikuja mwenyewe na kitambulisho na kadi ya kliniki ya zamani iliyochanika katikati. Uamuzi ukawa kuanza methilifenideti, kipimo cha chini, kupanda polepole, na kurudi baada ya wiki mbili, kwa kuwa mwezi wa kwanza ndio wa kuangaliwa. Mtoto atumie asubuhi baada ya kula, na ya pili mchana shuleni. Tembe fupi hufanya kazi kama saa nne tu, na ukimpa jioni hatalala. Kukosa usingizi kunafukua tuta kuliko tembe. Daktari alisema wazi mtoto asipelekwe kwenye matanga ya kukesha, jambo ambalo katika ukoo wa Kijaluo ni kama kumwambia mtu asihudhurie ukoo. Dani aliahidi kulala naye nyumbani.

Walifundishwa pia, mama na mwalimu, la kufanya akitukutika: mlaze ubavu, legeza kola, angalia saa, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na dakika tano zikipita beba uende. Mwalimu aliyaandika nyuma ya daftari la mahudhurio.

Hajaanguka. Wiki ya sita walikuja kuchukua boksi la pili, nikatoa kitabu cha dawa zinazodhibitiwa, mama akasaini. Kalamu nyekundu sasa anaitumia kwenye daftari la kurasa 48 ambalo amelichora mistari: tarehe, amelala saa ngapi, amekula nini. Safu ya chakula cha mchana ilikuwa na neno moja likirudiwa: nusu, nusu, nusu, hakula. Dawa hii inakata njaa. Hilo ndilo linalowapata watoto wengi kweli, pamoja na usingizi na kichwa kuuma, na ndilo ambalo mama hakuwa amelizungushia chochote siku ile ya kwanza. Nikamwambia ampikie kifungua kinywa kizito kabla ya tembe, na sahani ya pili saa mbili usiku dawa ikiwa imeisha nguvu.

Mtoto alipanda mzani mara moja tu safari hii, akasimama, akasubiri mshale utulie. "Ishirini na tatu na nusu," akasoma. Boksi la kwanza lilipotoka ilikuwa ishirini na nne na robo. Nikaiandika kwenye daftari la mama kwa kalamu yake, na chini yake tarehe ya kurudi kupima tena.